Anayemdai Marehemu na Ajitokeze: Historia Fupi ya Kufilisika

Kiswahili kina vitenzi viwili vya jambo ninalotaka kulijadili katika makala haya. Cha kwanza ni kufilisi, nacho ni kitenzi cha mwenye nguvu: benki, mahakama au dalali humfilisi mtu. Cha pili ni kufilisika, nacho ni cha aliyepatwa, kama vile mtu anavyopatwa na ugonjwa au mafuriko. Lakini lipo tendo la tatu ambalo sheria zetu zimelitambua kwa muda mrefu: mdaiwa mwenyewe kwenda mahakamani kwa hiari yake, kueleza kwamba madeni yamemshinda, kuorodhesha mali yake yote, na kuomba igawanywe kwa wadai wake kwa haki ili yeye aanze upya. Tendo hilo halina kitenzi kinachotumika mitaani. Ukisema “kujifilisi”, msikilizaji atadhani unazungumzia mlevi anayemaliza mshahara wake baa.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mwanasheria, na sikusudii kumpa mtu yeyote ushauri wa kesi yake. Ninachotaka kuonesha ni kwamba pengo hili la lugha lina historia. Watu wengi huamini kwamba Mwafrika kwa asili yake huona haya kukiri kwamba ameshindwa kulipa, na kwamba kufutiwa deni ni desturi ya Wazungu. Historia haikubaliani na imani hiyo. Inaonesha kwamba katika nchi zetu huruma kwa mdaiwa imekuwapo siku zote, ila imegawiwa kwa upendeleo: wamepata wafanyabiashara wakubwa, yamepata mashirika, imepata dola yenyewe. Aliyekosa ni mtu wa kawaida.

Muflisi mbele ya kadhi

Tuanze na neno lenyewe. Muflisi ni neno la Kiarabu, na lina shina moja na fulusi, yaani pesa, ambalo asili yake ni sarafu ndogo za shaba. Muflisi, basi, ni mtu aliyeishiwa hata na senti. Kwa Kiingereza neno la hali hiyo lina asili ya Kiitaliano, lenye maana ya benchi lililovunjika, kwa kuwa wabadilisha fedha wa miji ya Italia walifanyia kazi zao juu ya benchi. Kwa upande mmoja tunamtazama mtu na mfuko wake, kwa upande mwingine tunatazama biashara yake. Tofauti hiyo ndogo itatusaidia mbele.

Neno muflisi lilifika pwani yetu pamoja na sheria yake. Katika fikihi ya Kishafii, iliyofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani kwa karne nyingi, mtu ambaye madeni yake yamezidi mali yake alifikishwa kwa kadhi. Kadhi alimzuilia kuitumia mali hiyo, akaiuza, akamgawia kila mdai fungu kulingana na ukubwa wa deni lake. Aliyethibitika kuwa hana kitu hakutakiwa kufungwa wala kuandamwa. Qur’ani, katika sura ya Al-Baqara, inaagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Wenye madeni wamo pia katika makundi manane yanayostahiki zaka.

Tusiipambe sheria hiyo kupita kiasi. Deni lililobaki halikufutika. Lilimngoja mdaiwa hadi apate, na lilimfuata hadi kaburini. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa wazi: muflisi alikuwa na mahali pa kwenda, akasikilizwa, akatoka bila pingu.

Wakimbizi wa madeni

Karne ya 19 ilileta madeni ya aina nyingine. Biashara ya misafara kutoka Bagamoyo na Pangani hadi Tabora, Ujiji na Kongo iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, kama nyumba ya biashara ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, walitoa vitambaa, shanga na bunduki kwa mali kauli. Mkuu wa msafara alitakiwa arudi na pembe za ndovu baada ya miaka miwili au mitatu. Hata Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuja kuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa bara, alikopeshwa mtaji na Taria Topan. Safari zake zilifanikiwa. Za wengi hazikufanikiwa: wapagazi walitoroka, pembe zilipanda bei, na vita vya Mirambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vikaifunga njia kuu ya biashara.

Aliyeshindwa kulipa alifanya nini? Alibaki bara. Tabora na Ujiji walikuwako wafanyabiashara waliozeeka huko, wakaoa na kujenga huko, si kwa mapenzi ya mahali bali kwa sababu kurudi pwani kulikuwa ni kuingia mikononi mwa wadai. Hii ndiyo njia ya kufilisika iliyozoeleka kwetu kuliko zote: kuhama.

Wanyonge zaidi hawakuwa hata na pa kuhamia. Katika njaa kali za mwisho wa karne hiyo, zikiwemo familia za Wamijikenda katika nyika ya Mombasa, wazee waliweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, na rehani isiyokombolewa iliweza kugeuka utumwa. Tunaposema leo kwamba zamani watu waliheshimu madeni yao, tukumbuke ni nani aliyekuwa dhamana.

Zanzibar kwenyewe, mashamba ya karafuu yalizama katika madeni. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Kwa kuwa riba ni haramu, mikopo ilivikwa vazi la mauzo: mwenye shamba “aliliuza” kwa mdai kwa sharti la kulikomboa baadaye, akabaki humo akilipa “kodi” ambayo kwa kweli ilikuwa riba. Mtindo huo uliitwa bei ya khiyari. Kufikia miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliingilia kati. Mwaka 1934 zilitungwa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wadai na kudhibiti wakopeshaji. Mgogoro ukaendelea hadi mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi dhidi ya karafuu wa 1937 na 1938. Msomaji atambue jambo moja hapo: dola ilipoona kwamba kufilisika kwa tabaka la wenye mashamba kungeyumbisha utawala wake, haikusema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ilisimamisha mashauri na kuingilia mikataba.

Jinsi Uingereza ilivyobadili mawazo

Sheria tunayoitumia leo ilitoka Uingereza, na huko nako huruma haikuwako tangu mwanzo. Sheria ya kwanza ya kufilisika, ya mwaka 1542 chini ya Mfalme Henry VIII, ilimtazama mdaiwa kama mhalifu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1705: mfanyabiashara aliyefilisika akasema kweli na kukabidhi mali yake yote alifutiwa deni lililobaki, aliyeficha mali aliweza kunyongwa. Bunge halikuingiwa na upole wa ghafla. Liligundua kwamba mdaiwa asiye na matumaini huficha mali na kukimbia, ilhali mwenye matumaini huleta vitabu vyake vya hesabu mezani.

Lakini faida hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara peke yao hadi mwaka 1861. Karani, fundi au mwalimu aliyeshindwa kulipa alipelekwa jela ya wadaiwa. Mwaka 1824 baba yake Charles Dickens alifungwa katika jela ya Marshalsea ya London, na mwanawe, mwenye umri wa miaka 12, akapelekwa kiwandani kufanya kazi ya kubandika karatasi kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Kifungo cha deni kilipunguzwa sana kwa sheria ya mwaka 1869, ingawa hakikuisha kabisa.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake iliyoandikwa mwaka 1787 inalipa Bunge mamlaka ya kutunga sheria za kufilisika, na sheria ya mwaka 1841 iliruhusu mtu yeyote, si mfanyabiashara tu, kuomba mwenyewe. Haya ya deni haikutoweka huko. Mwandishi Mark Twain alifilisika mwaka 1894, akazunguka dunia akitoa mihadhara hadi akawalipa wadai wote, ingawa sheria haikumlazimisha. Kwa upande mwingine, kampuni za Donald Trump ziliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai mara 6 kati ya 1991 na 2009, naye akachaguliwa kuwa Rais. Hapa ndipo ile tofauti ya mfuko na benchi inaporudi: benchi la tajiri likivunjika, husajili benchi jingine, maskini hana benchi, ana mfuko wake tu, na mfuko ni yeye mwenyewe.

Sheria mbili za Tanganyika

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Kwa mujibu wake, asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai mahakamani isipokuwa mkopo huo uwe umepata kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni ulinzi: mkulima asije akanaswa na wenye maduka. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa miongo kadhaa Mwafrika hakukopesheka katika benki wala katika biashara rasmi.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1930, ikaja Sheria ya Kufilisika, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Ndiyo hiyo hiyo ambayo leo ni Sura ya 25 ya sheria za Tanzania. Tuziweke sheria hizi mbili pamoja. Ya kwanza ilimwondoa Mwafrika katika mkopo rasmi. Ya pili ikaweka nafuu kwa walioshindwa mkopo rasmi. Kwa vitendo, nafuu ya kufilisika ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kizungu wa Dar es Salaam, Tanga na Mwanza. Mwafrika alikuwa na deni moja ambalo serikali haikulisahau kamwe, nalo ni kodi. Na kwa deni hilo hapakuwa na mashauri ya kufilisika. Palikuwa na kazi ya lazima na jela.

Hivyo basi, babu zetu hawakuikataa sheria ya kufilisika kwa sababu ya utamaduni. Hawakukaribishwa. Walichokijua cha mahakama ni upande mmoja tu, upande wa kukamatwa.

Upande huo tumeurithi ukiwa mzima. Sheria zetu za mwenendo wa madai, Tanzania na Kenya, bado zinaruhusu mdaiwa aliyeshindwa kutekeleza hukumu afungwe kama mfungwa wa madai hadi miezi 6. Mdai ndiye hutoa posho ya chakula cha mfungwa huyo, na akitoka deni liko pale pale. Ni utaratibu wa ajabu: mdai anatumia pesa kumlisha mtu ambaye amemzuia kutafuta pesa. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome wa Mahakama Kuu ya Kenya, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba kunakwenda kinyume na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Uamuzi wa jaji mwingine wa mwaka 2012 ulikibakiza kifungo hicho, kwa sharti kwamba mdaiwa asikilizwe kwanza.

Aliyesamehewa bila haya

Wanaosema kwamba kufutiwa deni si utamaduni wetu wangepaswa kuanza na serikali zetu. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza hadharani, mbele ya dunia nzima, kama ni haki tuwaache watoto wetu na njaa ili tulipe madeni. Hakuona haya, na hakupaswa kuona. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini, na sehemu kubwa ya deni lake la nje ikafutwa. Mwaka 2006 ikafuata nafuu nyingine. Tulishangilia. Ndani ya nchi, mwaka 1991 kiliundwa chombo maalumu cha kuchukua madeni mabaya ambayo mashirika ya umma yalikuwa yamerundika katika benki za taifa.

Sipingi lolote kati ya hayo. Nauliza tu: hoja iliyotumika kwa taifa, kwamba deni lisilolipika humnyima mdaiwa uwezo wa kuzalisha na halimfaidishi hata mdai, inapotea wapi tunapofika kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kadi yake ya benki, pamoja na namba ya siri, imeshikwa na mkopeshaji wa mtaani? Inapotea wapi kwa mama wa genge aliyechukua mkopo wa “kausha damu”? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamekuwa wakituma ujumbe kwa ndugu, wakubwa wa kazi na hata wachungaji wa mdaiwa ili kumwaibisha. Aibu yenyewe imefanywa kuwa dhamana.

Baba mdogo

Nilipokuwa sekondari, baba yangu mdogo alikuwa mnunuzi wa mahindi. Alikopa kwa jamaa, kwa majirani na kwa mkopeshaji mmoja wa mjini, akakodi malori. Zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Barabara zilikatika, mahindi yakaota ndani ya magunia, na mwenye malori akadai siku zote ambazo malori yalikwama. Baba mdogo hakumwambia mtu. Usiku mmoja aliondoka, na kwa miaka 11 alikuwa kibarua katika mkoa mwingine, akituma salamu kwa kupitia watu. Mama yake, yaani bibi yetu, alipofariki, alifika usiku baada ya wageni kulala, akakaa kaburini hadi alfajiri, akaondoka.

Tulimzika naye mwaka 2009. Kabla ya kushusha mwili, msemaji wa familia alitamka maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia: anayemdai marehemu na ajitokeze, aje aonane na familia. Wakajitokeza watu wanne. Watatu walisema pale pale kwamba wamesamehe, na mmoja wao, mzee aliyekuwa jirani yake, alilia akisema kwamba angesamehe hata mwaka ule wa mvua, kama angeulizwa. Wa nne alikubali kulipwa nusu, kidogo kidogo.

Nimelitafakari tangazo lile kwa miaka mingi, na nimelifikia hitimisho hili: ule ndio utaratibu wetu wa kufilisika. Una kila kitu ambacho sheria inataka. Wadai wanaitwa hadharani, madeni yanatajwa, mali iliyobaki inapimwa, wengine wanasamehe, wengine wanapokea sehemu, na jambo linafungwa. Hatukufundishwa na mkoloni. Una kasoro moja tu: ni lazima mdaiwa awe amekufa.

Tufanye nini?

Najua pingamizi. Kuna watakaosema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba kurahisisha kufilisika ni kuwapa matapeli mwanya. Kwa anayeweza kulipa, methali hiyo ni kweli tupu. Lakini sheria ya kufilisika haimhusu huyo; inamhusu asiyeweza, na kazi yake ya kwanza ni kuwatenganisha hao wawili kwa kuchunguza mali. Tapeli haogopi ukimya wetu wa sasa, anaupenda. Aidha, sheria hii inamlinda mdai pia. Bila hiyo, anayelipwa ni mwenye nguvu au mwenye vitisho, na jirani mpole aliyekopesha kwa imani hupata salamu.

Jirani zetu wameanza kurekebisha. Uganda ilitunga sheria mpya ya ufilisi mwaka 2011. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2015: muflisi wa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3, na mtu asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ana utaratibu mfupi wa miezi 12. Bado aibu ipo hata katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo inamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge. Lakini mlango mdogo umefunguliwa.

Kwetu Tanzania, chombo kipo. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza RITA hufanya kazi gani, nao hujibu kwa sauti moja: vyeti vya kuzaliwa. Kisha nawaomba wataje jina lake kamili, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na neno la katikati huwashangaza. Sheria ya mwaka 1930 haiwezi kumfaa mama wa genge: inahitaji wakili, ada na Mahakama Kuu. Anahitaji utaratibu wa mahakama ya mwanzo, wa gharama ndogo, kwa Kiswahili, utakaosimamisha vitisho siku ile ile anapowasilisha orodha ya madeni yake. Na kifungo cha mfungwa wa madai kibaki kwa anayeficha mali, si kwa asiyenayo.

Sheria peke yake haitatosha. Viongozi wa dini wanaotangaza madeni makaburini wanaweza pia kuyaita mashauri hayo misikitini na makanisani mdaiwa akiwa hai, ameketi mbele ya wadai wake, wakati bado ana mikono ya kufanyia kazi. Wadai waliomsamehe baba mdogo hawakubadilishwa na kifo chake. Walikuwa tayari kusamehe miaka 11 kabla, ila hapakuwa na mtu wa kuwaita.